Nimerudi Voi, nimekwenda kuliona daraja

Miaka 13 niliyoishi Chicago, mtu akiniuliza kwetu ni wapi nami nikamtajia Tsavo, jibu lilikuwa lile lile: "Kwenye wale simba!" Simba wenyewe, waliokuwa wakila wajenzi wa reli, wako huko huko mjini, ndani ya Field Museum, madume wawili wasio na manyoya ya shingoni. Nilipozidiwa na hamu ya nyumbani nilikwenda kusimama mbele ya kioo chao. John Henry Patterson, afisa wa jeshi la Uingereza aliyewaua Desemba 1898, alitandika ngozi zao sakafuni miaka mingi, ndipo mwaka 1924 akaiuzia makumbusho hiyo kwa dola 5,000.

Lakini Patterson hakuletwa Tsavo kuwinda. Aliletwa kujenga daraja la reli, na hapo ndipo roho huniuma: simba tunawajua hadi meno, waliochonga mawe hatuwaulizii.

Juzi mjomba wangu, mstaafu wa reli, alinichukua tukapanda matatu hadi Tsavo. Tukateremka mtoni kwa tahadhari, maana mamba wapo. Maji yale hutoka upande wa Kilimanjaro, na mbele huko hukutana na Athi, mto ukaitwa Galana.

Mjomba husimulia kama mtu aliyekuwepo. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 haikungoja daraja la kudumu. Mto ulivukwa kwa daraja la muda, wafanyakazi wengi wakasonga mbele na mataruma yao, wakabaki mamia kadhaa, wengi wao Wahindi, kusimamisha nguzo. Kambi ilipopungua, simba wakajua pa kwenda. Mawe ya kufaa yalipatikana kwenye korongo, yakatandikiwa kijireli chake chenye vidaraja viwili ili vitoroli viyafikishe kazini. Mchana watu walichonga. Usiku walifunga vitanda juu ya miti, na wengine walichimba mashimo ndani ya hema, wakaingia, wakajifunika magogo.

Mwanzoni mwa Desemba mamia walijilaza relini, wakasimamisha garimoshi lililokuwa likipita, wakapanda wakaondoka zao. Kazi ikalala wiki tatu. Siwalaumu hata kidogo. Patterson baadaye alidai waliouawa walikuwa 135. Watafiti waliopima mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria, mwaka 2009, kama 35. Hata hao 35 ni matanga 35.

Daraja lilikamilika Februari 7, 1899. Muda mfupi baadaye mto ukafurika. Hapo mjomba aliinama, akaokota jiwe lenye ncha, akalisimika kwenye maji ya kina kifupi, ncha ikielekea yanakotoka. Maji yakagawanyika, yakapita kando bila kulitikisa. "Hivi ndivyo nguzo zilivyochongwa," akasema. Mafuriko yale yalivibeba vile vidaraja viwili vya vitoroli, kimoja baada ya kingine, na mabaki yake, reli na mataruma, yakaja kuzigonga nguzo za daraja kubwa. Ncha zikayapasua, yakapita. Daraja likabaki limesimama.

Mjomba alilitoa lile jiwe majini, akalifuta kwenye suruali, akanipa. Sasa liko dirishani, nyumbani kwa mama.