Bakuli Lililorudi Tupu

Kwetu Kilimanjaro, na nadhani ni hivyo hivyo karibu kila mahali ninapopafahamu katika nchi hii, chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Jirani akikuletea chakula, utaosha bakuli lake, utalikausha, kisha utatafuta cha kuweka ndani kabla ya kulirudisha: mayai matatu, ndizi mbivu, maharage, hata chumvi ikibidi. Hakuna aliyewahi kunikalisha chini akanifundisha jambo hilo. Nilimwona mama yangu akilifanya, naye alimwona mama yake. Kwa hiyo mwaka jana nilipougua malaria, na bibi mmoja jirani yetu akawa ananiletea mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, kila jioni, kilichonisumbua baada ya homa kushuka hakikuwa tena ugonjwa, bali lile bakuli la bati la rangi ya bluu lililokuwa limekaa mezani likinitazama.

Kitinda mimba wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 5, hakuona cha kusubiri. Nikiwa bado jikoni nahesabu mayai, yeye alilibeba bakuli likiwa tupu, akapenya kwenye ua wa masale, akaenda nalo. Yaliyofuata nilisimuliwa na bibi mwenyewe, huku akicheka na kujishika mbavu. Mtoto alimwamkia vizuri, akampa bakuli kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akasema, "Bibi, ulikuwa mtamu." Kisha akainua shingo kuelekea mafigani na kuuliza, "Mwingine upo?"

Niliona aibu, na jioni ile nilimkemea. Nilimweleza kwamba mtu mwenye adabu hafanyi hivyo, kwamba watu watasema mama yake hakumlea. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa utulivu kabisa, "Kwani bibi alisema anataka mayai?"

Swali hilo limekaa nami tangu siku ile, kwa sababu ninafundisha shule ya Jumapili katika usharika mmoja wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), sasa ni mwaka wa 11, na kila mwisho wa Septemba huwa ninawaandaa watoto kwa Sikukuu ya Mikaeli na Watoto. Wasio Walutheri hushangaa malaika mkuu Mikaeli na watoto wanakutanaje katika ibada moja. Tarehe 29 Septemba ni siku ya kale ya kumkumbuka Mikaeli na malaika wote, na Injili iliyozoeleka kusomwa siku hiyo ni Mathayo 18, pale wanafunzi wanapouliza nani aliye mkuu katika ufalme wa mbinguni, naye Yesu anamwita mtoto na kumsimamisha katikati yao. Mstari wa 10 ndio unaowaunganisha wawili hao, kwa kuwa Bwana anaonya kwamba wadogo hao wasidharauliwe, maana malaika wao mbinguni siku zote huutazama uso wa Baba yake. Jumapili hiyo watoto huongoza liturujia, huimba, hughani mashairi na kutamka mistari waliyoikariri, na wazee wa kanisa ambao Jumapili nyingine huwaondoa mlangoni kwa kuwakunjia uso, siku hiyo huwapisha viti vya mbele.

Tena karibu kila mwaka, katika mahubiri ya siku hiyo, nasikia tukiambiwa tuwe kama watoto kwa sababu watoto hawana hatia na mioyo yao ni safi. Kwa heshima zote, anayesema hivyo hajawahi kugawa kalamu za rangi 12 kwa watoto 30. Nimeona alama za meno ya mtoto mmoja kwenye mkono wa mwenzake kwa ajili ya rangi nyekundu, na aliyeuma akaapa mbele yangu kwamba mwenzake amejiuma mwenyewe. Watoto nawapenda, lakini si malaika, na ninaamini hata Bwana wetu, aliyewatazama wakicheza sokoni na kugombana kwamba hawa wamepigiwa filimbi wasicheze, hakuwa na udanganyifu wowote juu yao.

Jambo alilowasifia nililiona vizuri nilipoacha kusoma peke yake kile kisa kingine, cha watoto kuletwa kwa Yesu, na kuanza kuangalia kimewekwa wapi. Katika Luka 18, kabla tu ya watoto kuletwa, tunamsikia Farisayo akisali hekaluni na kumhesabia Mungu alivyofunga mara mbili kwa juma na kutoa zaka katika mapato yake yote. Mara baada ya watoto, anakuja mtu mkubwa, tajiri, akiuliza afanye nini ili aurithi uzima wa milele. Mmoja amekuja na hesabu ya aliyokwisha kulipa, mwingine anauliza bei. Katikati yao wamewekwa watoto, na Luka anasema waziwazi kuwa walikuwa watoto wachanga, yaani viumbe vya kubebwa, wasioweza hata kutembea kumfuata Yesu wala kusema kwa nini wamekuja. Hawakuja na kitu. Wameletwa, wameguswa, na katika simulizi la Marko wamekumbatiwa, wakawekewa mikono na kubarikiwa, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa atatoa nini. Ndipo linaposemwa lile neno kwamba yeyote asiyeukubali ufalme wa Mungu kama mtoto mdogo hatauingia kabisa, na uzito wake wote, kwa maoni yangu, umelalia kwenye kukubali, yaani kupokea.

Sisi watu wazima ni hodari wa mambo mengi ya dini, lakini kupokea kunatushinda. Tumezoea kumrudishia Mungu bakuli lenye mayai. Mtu akiwa hospitalini huahidi kwamba akitoka salama atatoa ng'ombe. Kijana anayetafuta kazi humwekea Mungu mshahara wa kwanza mezani kabla hajaitwa kwenye usaili. Na mimi mwenyewe, nilipokuwa na homa ile, nilijikuta usiku nikimkumbusha Bwana miaka yangu ya kufundisha watoto wake bila malipo, kana kwamba namdai likizo ya ugonjwa. Nisieleweke vibaya. Bahasha za ahadi ninazo na nazijaza, na baada ya ibada nasimama mnadani kununua mkungu wa ndizi kwa bei ambayo sokoni ningeikataa, kwa sababu bati za kanisa hazishuki kutoka mawinguni. Tofauti yake ni ndogo na ni rahisi kuipoteza: shukrani hutolewa na mtu aliyekwisha kushiba, lakini mayai yangu yalikuwa ya kujiondolea deni, ili nisibaki chini ya wema wa bibi yule hata siku moja zaidi ya lazima.

Sisi Walutheri tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili, maana tunabatiza watoto wachanga. Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kanisa ambaye tunaitwa kwa jina lake, katika Katekisimu Kubwa, kitabu chake cha mafundisho ya imani cha mwaka 1529, alieleza kwamba imani yangu haiufanyi ubatizo, bali inaupokea. Na katika dibaji ya kitabu hichohicho akakiri kwamba yeye, daktari wa theolojia na mhubiri, bado hukariri katekisimu neno kwa neno kama mtoto anayefundishwa, na kwamba hana budi kubaki mtoto na mwanafunzi wake, tena kwa furaha. Alipofariki mjini Eisleben mwezi Februari 1546, kulikutwa kikaratasi alichoandika siku zake za mwisho, na maneno ya kukifunga yanasema kwamba sisi ni ombaomba, hiyo ni kweli. Mtu aliyeandika vitabu vya kujaza kabati zima alimaliza akiwa na bakuli tupu mkononi.

Mahali pengine ninapoliona hili ni kwenye maombi. Sala ya mtu mzima kwetu hufanana na barua ya kwenda kwa mkuu wa wilaya. Huanza na cheo na anwani, Mungu wa Ibrahimu na Isaka na Yakobo, uketiye mahali pa juu palipoinuka, kisha rejea kichwa cha habari hapo juu, kisha sababu tatu, na haja yenyewe hufika ukurasa wa pili wakati wengine wamekwisha kufumbua macho. Darasani kwangu, miezi michache iliyopita, nilimwomba msichana mmoja mdogo atufungie kwa sala. Alisimama, akafumba macho kwa nguvu hadi uso wote ukakunjamana, akasema, "Yesu, viatu vinanibana. Amina." Akakaa. Wenzake waliitika amina bila kucheka, kama watu waliosikia jambo la maana, na mimi ndiye niliyehangaika nikidhani napaswa kuongeza maneno mawili matatu ili sala ikamilike. Nilitazama miguu yake. Viatu vilikuwa vimekatwa kisigino kwa wembe ili vidole vipate nafasi.

Najua pia kwamba habari hii ya kuwa kama mtoto imetumiwa vibaya, hasa na wahubiri wanaowaambia watu wasiulize maswali juu ya fedha wala juu ya mafuta na maji yanayouzwa madhabahuni. Mtume Paulo alikwisha kulifunga suala hilo alipowaandikia Wakorintho wasiwe watoto katika akili zao, bali katika uovu ndipo wawe kama watoto wachanga. Tena anayedhani watoto hawaulizi maswali aje akae nao nusu saa baada ya kusimuliwa kisa cha Nuhu. Mimi niliulizwa simba walikuwa wanakula nani.

Bibi yule hajambo, na ameendelea kutuletea mtori hata baada ya mimi kupona, kwa sababu, anasema, kuna mteja wake humu ndani. Bakuli la bluu liko kwangu tena tangu Jumatano. Nimeliosha, nimelikausha, na mara mbili nimenunua ndizi mbivu za kuweka ndani yake, na mara zote mbili nimekuta zimeliwa. Leo jioni mtoto amelitazama pale mezani, akaniuliza kama limeshakauka, kwa maana anataka kwenda.