Tegu wa masika

Mwaka huo masika ilikuwa kubwa, tope likifika magotini. Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, na kila mwezi nilitega mgono wenye kipande cha maini katika kidimbwi kimoja nje ya Morogoro. Nilimtafuta chura mwenye kucha, yule asiye na ulimi, anayeishi majini karibu maisha yake yote. Nilitaka kujua tegu wake huongezeka lini na hupungua lini.

Tegu mwenyewe, Cephalochlamys namaquensis, alielezwa kitaalamu mwaka 1906. Mayai yake hutoka na kinyesi cha chura, yakaliwa na kopepodi, mnyama wa majini mdogo kama punje ya ulezi. Chura akimmeza kopepodi huyo, tegu hukulia utumboni.

Asubuhi moja ya Aprili nilipasua utumbo wa chura wa kwanza, nikautazama kwa macho. Mtupu. Nikaandika sifuri daftarini, kama nilivyofanya Februari na Machi. Nilikuwa nainua sahani nimwage ute kwenye sinki, fundi wa maabara akanishika mkono.

“Mwanangu, umeuosha huo?”

“Hapana, mzee. Hamna kitu.”

Akamimina maji ya chumvi ya asilimia 0.65, yanayomfaa chura, akaukwangua utumbo taratibu kwa brashi laini. Akaacha utulie, akamwaga maji ya juu, akaongeza mengine, akarudia hadi yakatakata. Kisha akasogeza sahani chini ya hadubini, akanipisha.

Walikuwapo. Vinyuzi vyeupe, vifupi kuliko ukucha wa kidole changu kidogo, vikijikunja na kujinyoosha. Hakuna hata pingili moja yenye mayai. Tegu niliowaona kiangazi walikuwa warefu, wamejaa mayai, ndiyo maana jicho liliwaona. Hawa walikuwa wachanga, wageni wa mvua, na mimi nilikuwa nikiandika kwamba mvua haikuleta kitu. Tangu siku hiyo nikaanza kupima urefu wa kila tegu, kwa sababu idadi peke yake haisemi nani kaingia jana na nani anakaribia kutoka.

Lakini ute wa miezi miwili ulishakwenda sinkini. Vyura wale niliwaua kwa ajili ya swali hili, na jibu lao nililimwaga. Hilo liliniuma sana, hata leo.

Nikachukua kalamu nyekundu, nikazikata sifuri zote za Februari na Machi, nikaandika pembeni: “Haukuoshwa.” Ndooni walibaki vyura watatu. Mzee akanikabidhi brashi.