Shimo la Jeki

Fundi wa kabro, yale matofali ya zege ya kutandika uani, alianza kazi Jumatatu, na kufikia Jumanne saa nne asubuhi alikuwa ameshaniita mara tatu. Ya kwanza, dasti, ule unga wa mawe wa kutandika chini yake, haikutosha. Ya pili, chai. Ya tatu nilimkuta amechutama pembeni mwa ua, pale chini ya mkilifi wa Mamangu, kidole kimezama kwenye saruji mpaka fundo la pili.

"Bosi, hapa palikuwa na nini?"

"Jeki," nikamwambia, nikakomea hapo. Mtu analipwa kwa mita za mraba, hana haja na hadithi. Nyinyi hamlipwi.

Ilikuwa mwaka 2012, enzi za ile Suzuki. SJ410, rangi ya ganda la ndizi lililolala, injini ya lita moja na kelele za lita tatu. Niliipenda gari ile kuliko nilivyoweza kumweleza mtu mwenye akili zake. Tatizo lake lilikuwa moja tu: shamba. Ukishapita Kinango unaingia njia ya udongo, na masika yakija malori huichimba njia ile mifereji miwili, katikati kukabaki mgongo kama wa mamba. Suzuki ilikuwa inaupanda ule mgongo kwa tumbo. Magurudumu yanazunguka, gari limekaa. Mara mbili nilivutwa na ng'ombe wa watu, na mara ya pili mwenye ng'ombe alinicheka mpaka akashika mti.

Nikaingia kwenye intaneti, nikasoma usiku kucha kwa wiki kadhaa, nikatoka huko nimekuwa mtaalamu. Dawa ilikuwa kuliinua gari. Nikaagiza seti nzima kwa pesa nilizokuwa nimeziweka za mahari, ambazo wakati huo hazikuwa na mwenyewe. Boksi likaja na basi kutoka Nairobi, nikaliendea Mwembe Tayari, hapa Mombasa, na mkokoteni, maana mkononi halikubebeka. Ndani mna springi nne mpya, zile za vyuma bapa, zilizopindwa zaidi ya zile za zamani, shokabzoba nne ndefu, yu-bolti nane, zile za umbo la U za kuifunga springi kwenye ekseli, na mfuko wa busha, vile vipira vya kukaa ndani ya ncha za springi. Inchi mbili. Gari zima lingepanda inchi mbili.

Mjomba alikuja jioni ile ile. Sijui nani alimwambia. Alikuwa amestaafu karakana baada ya zaidi ya miaka thelathini, na mikono yake ilikuwa bado na ile rangi nyeusi kwenye mistari ya viganja isiyotoka kwa sabuni wala kwa kustaafu. Akainama, akatoa yu-bolti moja, akaigeuzageuza, akaipitisha ukucha kwenye nyuzi zake.

"Wataka kuliinua ili iweje?"

"Lisikwame tena kule Kinango."

Akaniangalia. Akaliangalia gari. Akachuchumaa akachungulia chini yake, akakaa huko kitambo, nami nikadhani anahesabu bolti. Aliposimama alijipangusa magoti tu.

"Haya. Lete mafuta taa."

Wasiokaa karibu na bahari hawajui kutu. Sisi Tudor upepo unatoka majini umeshashiba chumvi, na kila bolti ya gari hugeuka ikawa kitu kimoja na chuma kilichoishika. Mjomba akasema hatugusi spana kwanza. Siku tatu mfululizo, baada ya Isha, alikuja na kopo lake na brashi kuukuu ya rangi, akawa anapaka mafuta taa bolti moja moja, chini ya gari, tochi ameiuma kwa meno. Halafu anakaa kwenye kreti la soda anakunywa kahawa, na mimi nakaa kwenye bampa. Hatukuwa tunasema sana. Mkaza mjomba alikuwa hajatimiza miezi minne tangu tumzike, na hilo pia hatukulisema. Saa nne inafika, anasema "Naam," anaondoka. Harufu ya mafuta taa ilibaki ua mzima, na Mamangu akalalamika kwamba hata wali wanukia taa.

Jumamosi tukaanza. Nyuma pakaenda vizuri kuliko nilivyostahili. Tukakata yu-bolti za zamani kwa msumeno wa chuma, maana za aina ile hazirudishwi, tukashusha springi, tukapandisha mpya. Kabla ya adhuhuri nyuma tumemaliza na mimi nimeshaanza kuringa.

Mbele kushoto ndipo mambo yalipokuwa. Kuna ile bolti inayopita kwenye jicho la springi ikashika shakeli, vile vipande viwili vya chuma vinavyoining'iniza springi kwenye chesisi. Ndani ya jicho mna busha, na ndani ya busha mna bomba dogo la chuma, na bolti ilikuwa imeoana na bomba lile ndoa ya Kikatoliki. Siku tatu za mafuta taa hazikuitikisa. Spana namba kumi na saba, hakuna. Nyundo, hakuna.

Hapo Mjomba akafanya jambo lililoniudhi. Gari lilikuwa juu ya jeki, limetulia, na yeye akaenda kulibingirisha gurudumu la akiba, akalilaza chini ya chesisi, juu yake akaweka gogo la mvule ambalo Mamangu hutumia kuegemezea lango. Nikamwambia Mjomba, hiyo jeki ni ya tani mbili na gari lenyewe halifiki tani moja.

"Jeki najua," akasema. "Hiyo sakafu ndiyo siijui."

Nikacheka. Nikatafuta bomba la maji refu, nikalichomeka kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu. Mkono wa kulia umeshika bomba, wa kushoto nimeuingiza kati ya springi na madigadi nishikilie kichwa cha bolti kisizunguke. Nikavuta. Nikaegemea. Nikaning'inia nalo.

Nakumbuka kwanza sauti, na haikuwa ya bolti. Ilikuwa sauti ya biskuti kuvunjika. Ile saruji ilikuwa ngozi tu, unene wa kidole, ilimwagwa juu ya mchanga na fundi ambaye Mungu amsamehe, na kila nilipolivuta lile bomba gari zima lilitikisika kidogo na uzito wote ukawa unaigonga sakafu kupitia makalio ya jeki. Upande mmoja ukazama. Nikaiona jeki inainama. Ilikwenda polepole kama mzee anayeinama kuokota kofia yake, nikapata wasaa wa kuiona yote: rangi nyekundu iliyobabuka, tone la mafuta kwenye shingo yake, chungu mmoja anayepita bila haraka. Kisha gari likashuka.

Likashuka mahali pa upana wa vidole vinne. Gogo likalia, gurudumu likabonyea, gari likasimama.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa bado ndani. Sikuusikia. Nje kwenye kichochoro muuza kahawa alikuwa anapita anagonganisha vikombe vyake, tin tin tin, na ndiyo sauti pekee niliyoisikia kwa muda ambao siwezi kuupima. Mjomba alikuwa amepiga magoti upande wa pili. Namwona kupitia chini ya gari, uso wake umelala sambamba na saruji, kofia imemvuka.

"Usiuvute," akasema. "Vidole wavisikia?"

"Sijui."

"Cheza kidole gumba."

Nikacheza.

"Cha pili. Cha tatu."

Akanihesabia vyote vitano kama tunavyohesabiwa madrasani, kwa sauti ile ile ya chini, na aliposema cha tano nikaona kwamba midomo yake ni mieupe. Akaleta jeki nyingine, akaiwekea ubao mpana chini, akapandisha kidogo kidogo. Nikautoa mkono. Haukuwa na kitu. Mkwaruzo mmoja kwenye kiwiko na kutu nyingi.

Hatukumwambia Mamangu. Alikuwa jikoni anakuna nazi.

Na bolti? Bolti ilikuwa imefunguka. Gari lilipoanguka nayo ikaachia, sijui kwa mshtuko au kwa huruma.

Yaliyobaki yalikwenda haraka, au labda nimeyasahau. Nakumbuka kukiweka kichwa cha bolti ya katikati ya springi kwenye tundu lake la ekseli, kazi ya milimita, na Mjomba anaisukuma ekseli kwa mtaimbo huku akisema bismillahi kila mara. Nakumbuka ekseli iliposhuka na springi mpya, mpira wa breki ukakaza kama kamba ya kuanikia nguo. Wataalamu wangu wa usiku hawakunisomesha hilo, au nililiruka. Tukalazimika kutafuta mipira mirefu zaidi, na ukishafungua mfumo wa breki lazima uutoe upepo wote, na kutoa upepo kwataka mtu wa kukanyaga. Hivyo ndivyo Mamangu, amevaa leso na miwani ya kusomea, alivyoketishwa kwenye kiti cha dereva.

"Kanyaga! Shikilia! Haya, achia!"

"Mimi naachia wakati gani, mwanitaabisha!"

Lakini kitu kimoja nilikitunza. Tulipomaliza nikataka kuzikaza zile bolti za busha gari likiwa bado juu, kwa kuwa ni rahisi kufika. Mjomba akanizuia. Busha ni mpira, ukiikaza gari likiwa linaning'inia utaifunga katika mkao huo, na likishushwa mpira unasokotwa siku zote, baada ya miezi umechanika. Zishike kwa vidole tu. Kwanza gari lishuke chini, likae, ulitikise mara kadhaa, likishaubeba uzito wake lenyewe ndipo ukaze. Tukazikaza tumelala chali bega kwa bega, Magharibi inakaribia, kila mmoja na spana yake. Alinuka mafuta taa na karafuu. Ilikuwa kama kulala mkekani na mtu utotoni, mnatazama paa.

Wiki mbili baadaye tukavuka feri Likoni, mimi na yeye, tukapanda Shimba Hills gari likiwa refu kama ngamia na kelele zake. Kwale, Kinango, njia ya udongo. Kwenye ule mgongo, karibu kabisa na pale pa siku zote, tukasikia kuu! Gari likasimama.

Nikashuka nikalala chini. Tumbo la gari lilikuwa juu sana, waweza kupitisha kuku. Kilichokwama ni difu, lile tenga la chuma la gia lililo katikati ya ekseli.

"Springi haziinui difu," Mjomba akasema kutoka kitini. Hakuwa ameshuka hata. "Springi zainua chesisi. Ekseli yakaa ndani ya magurudumu, na difu i pale pale na ekseli. Difu huinuliwa na tairi. Weka tairi iliyozidi inchi mbili toka juu hadi chini, difu utapata inchi moja."

Nikabaki pale chini, jua linanichoma shingoni.

"Ulijua?"

"Nimekaa karakana umri wako wote, nisijue?"

"Mbona hukunambia?"

Akafikiri. "Hukuuliza. Uliniuliza springi zafungwaje."

Tukangoja ng'ombe.

Miaka mingi nimelisimulia hili kama kichekesho, na ndivyo lilivyo. Lakini juzi kidole cha fundi kikiwa ndani ya shimo nilikumbuka zile siku tatu za mafuta taa. Bolti ya kutu waweza kuipaka asubuhi na jioni ukawa umemaliza. Sijawahi kusikia kwamba lazima iwe baada ya Isha, wala kwamba lazima ukae mpaka saa nne na kikombe kimeshapoa. Huenda alitaka pa kukaa tu. Huenda aliona pesa nimeshazitoa, hakutaka kunivunja moyo. Au ni mtu anayependa kufunga springi, na mimi namtafutia huzuni ambayo hakunipa ruhusa niitafute. Gari lenyewe niliuza 2017. Sikumbuki kumwambia ahsante ya ule ubao na lile gurudumu.

Basi nikampigia simu. Yuko Kisauni kwa binti yake siku hizi, masikio yamepungua, nikapaza sauti mpaka jirani akachungulia. Nikamweleza: kabro, pembe ya ua, shimo la jeki, mwezi nusu kwenye saruji.

"Jeki gani?"

"Ya Suzuki, Mjomba. Siku ile lilipoanguka."

Kimya. Nikasikia televisheni yao.

"La," akasema. "Lile shimo ni la kinu cha mamako. Alikuwa atwangia pale. Jeki ilizama upande wa ukutani."

Nikamwuliza Mamangu. Akasema yeye hajawahi kutwangia uani maishani mwake, na jeki gani hiyo iliyoanguka?

Fundi alikuwa amesimama na toroli. "Bosi, nijaze au nisijaze?" Nikatazama ukutani, kule tayari kumeshapangwa kabro tangu jana, safi, nyekundu na kijivu. Nikamwambia ajaze. Akamwaga dasti sepetu mbili, akaisawazisha kwa ubao, akaenda zake kuuliza chai.