Waya ulioteremka na kamba ya nyanya

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa, kichochoro cha pili ukitoka Ndia Kuu, nyumba ya marehemu babu. Ami anakaa juu kabisa, nyanya na khalati gorofa ya kati, sisi chini. Kama ushawahi kuingia nyumba hizi unajua kuta zake, mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake ukiweka mkono kwenye dirisha vidole havitokezi nje. Hizo kuta ndo zinafanya ndani kuwe na ubaridi hata kaskazi ikiwa kali, nazipenda, nimezaliwa ndani yake, lakini ile Ramadhani ya 2020 zilinitesa.

Intaneti nyumbani ilikuwa ya ami peke yake. Kampuni ilikuja kumfungia antena kule juu, waya ukapitishwa dirishani mpaka kwa rauta yake, kile kisanduku kinachotoa waifai, karibu na roshani, kasi yake Mbps 10, analipa mwenyewe kila mwezi, anaongea na mwanawe alioko Maskati na kuangalia habari basi. Paswadi sote tulikuwa nayo ila haikuwa na faida, ukishuka ngazi za kwanza simu inabaki na mstari mmoja, ukifika mlangoni kwetu hakuna kitu. Sisi tukinunua bando, na mume wangu ndie aliyekuwa anashika mambo yote ya simu na kompyuta, mimi sikuwa hata najua rauta inafunguliwa vipi.

Mwezi wa tatu shule zikafungwa kwa ajili ya korona. Binti yangu alikuwa kidato cha nne, mwaka wake wa mtihani, na walimu wake wakaanza kusomesha kwa Zoom, hesabu na kemia, asubuhi na alasiri. Bando likawa linaisha kama maji kwenye mchanga. Alafu tarehe 6 Mei, jumatano, waziri wa afya akatangaza Mji wa Kale unafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Mume wangu siku hio alikuwa kazini Kilindini, tukapigiana simu mara nne kabla ya magharibi tukiulizana arudi au asirudi, maana akirudi hatoki tena na kazi ndo hio moja tuliyo nayo, mwisho tukakubaliana akae kwa dadake Changamwe. Nilifuturu tende na maji nikashindwa kula kitu kingine.

Siku ya tatu nikamkuta binti yangu amekaa kwenye ngazi kati ya gorofa ya kati na ya juu, gizani, laptopu mapajani, daftari sakafuni, maana pale ndo palikuwa pana waifai kidogo. Tangu saa mbili asubuhi na yuko na saumu. Hakulalamika hata neno moja. Nikarudi chini nikampigia babake nikamwambia nataka intaneti ifike chini na wewe utanielekeza kwa simu.

Kwanza tukajaribu njia rahisi. Rauta ya ami tuliihamisha kutoka kwenye roshani tukaiweka juu ya ngazi. Ikasaidia kwa nyanya, chini hata kidogo. Mume wangu akaniambia niangalie jina lenye 5G mwishoni nisilitumie, mawimbi ya 5 GHz ni ya kasi lakini yanazuiwa na ukuta mapema kuliko ya 2.4, na Mei kwetu ni mwezi wa mvua, kuta zimelowa, maji nayo yanameza mawimbi. Nikashika 2.4, ikaja ikaondoka. Akaniambia basi hapo hakuna dawa ila waya, uteremshe waya mpaka chini, kuna rauta ya zamani kwenye kabati, tutaifunga mwisho wa waya iwe inatoa waifai yake ndani ya kuta zako.

Waya wenyewe sasa utapata wapi na mtaa umefungwa? Biashara Street iko pale pale kwa miguu lakini ilikuwa kama iko Nairobi.

Khalati ndo aliyekumbuka mzee wa saiba, lile duka la kulipia intaneti. Nyumba yake inatazamana na yetu, kichochoro chetu ni chembamba ukinyoosha sahani ya kaimati dirishani jirani anaipokea bila kutoka, na ndivyo tulivyokuwa tukipelekeana futari mwaka ule wote, dirisha kwa dirisha. Mzee huyu alikuwa na saiba chini ya nyumba yake tangu sisi wasichana, kompyuta sita, kwanza shilingi tano kwa dakika baadae ikashuka mpaka moja. Mimi barua pepe yangu ya kwanza niliifungulia pale. Watu walipopata simu zenye intaneti saiba ikafa pole pole, akafunga, kompyuta akaziuza. Lakini vitu vyake havitupi.

Nikaenda nikasimama mlangoni pake na barakoa yangu, nikamsabahi, nikamweleza. Hakunijibu, aliingia ndani nikaskia anavuta masanduku, akarudi na roli la waya limejaa vumbi, koleo la kubania vichwa vya waya, mfuko wa vile vichwa vya plastiki vya kuchomekea na kijisanduku cha kupimia chenye taa nane. Akaviweka kwenye baraza akarudi nyuma hatua mbili ndo nivichukue.

"Waya huu hauozi, mwanangu. Mwisho wake mita mia, nyumba yenu haifiki hata thalathini."

Alafu akanisimulia pale pale mlangoni, na nafurahi nilimpa muda. Kabla ya 2009 intaneti yake yote ilikuwa inapanda kwenye setilaiti na kurudi, ghali, na ukibofya unangoja. Mwezi wa sita mwaka huo ndo ukatua Mombasa waya wa TEAMS, umelazwa chini ya bahari kutoka Fujairah kule Imarati, kama kilomita elfu tano, na mwezi wa saba SEACOM, waya mwingine wa baharini, nayo ikaanza kazi. Akasema, "Umekuja kutoka Uarabuni mpaka hapa ufukweni kwetu, na mtoto anasomea kwenye ngazi. Haiwezekani. Nenda ukaufunge."

Kuteremsha ilikuwa kazi ya wote. Nyumba ina uwazi katikati ambao unashuka toka juu mpaka chini, na nyanya ana kapu lake la kuteremshia pesa na kupandishia mboga, kwa kamba ya makumbi. Ami akafunga ncha ya waya kwenye kapu, akawa anaachia kidogo kidogo, khalati kwenye gorofa ya kati akiangalia usikwame kwenye boriti, nyanya amekaa kitini anaamrisha pole pole jamani kapu langu, na mimi chini napokea. Kila gorofa tukaufunga na kamba ile ile usining'inie.

Vichwa nikabana mwenyewe. Ndani ya ule waya mna nyuzi nane, zimesokotwa mbili mbili, kila rangi na mwenzake mweupe mwenye mstari wa rangi hio. Nikazipanga nilivyoona ni sawa, chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, buluu na mwenzake, kahawia na mwenzake, na upande wa pili hivyo hivyo. Kijisanduku kikawasha taa zote nane kwa mpango, moja mpaka nane. Nililia kwa furaha kabla hata sijafunga kitu.

Tukachomeka waya, juu kwa rauta ya ami, chini kwa ile ya zamani. Hapo hapo nikaskia ami anapiga kelele kutoka juu, yuko kwenye simu na mwanawe na imekatika, nyanya nae yake imekatika, nyumba nzima hamna. Nikachomoa, ikarudi. Nikachomeka, ikapotea. Mume wangu akaniuliza taratibu, rauta ya zamani anwani yake gani? Nikasoma kwenye kibandiko cha chini: 192.168.1.1. Na ya ami? 192.168.1.1. Akasema ndo hapo, rauta mbili zote zinajiita jina moja na zote zinagawa anwani kwa simu, simu hazijui zimfuate nani. Ikabidi niifunge ya zamani na laptopu peke yake, niingie kwenye mipangilio yake, niibadilishe iwe 192.168.1.2, na ile DHCP, yaani kazi ya kugawa anwani, niizime kabisa, kugawa abaki nako ami wa juu peke yake. Na waya nisiuchomeke kwenye tundu la buluu lililoandikwa WAN, niuchomeke kwenye moja ya yale ya njano. Jina la waifai na paswadi nikaweka sawa na ya juu, ila chaneli mbali mbali, ya ami 1 na yangu 11, zisiingiliane.

Ikakubali. Lakini ilikuwa nzito ajabu, ukurasa unafunguka nusu, sauti ya mwalimu inakatika katika, na taa nane za kipimo bado zinasema kila kitu sawa. Siku mbili nilihangaika na hilo. Nilianza upya kila kitu, nikabadilisha chaneli, nikamlaumu hata ami na habari zake za usiku. Mume wangu kwa simu haoni, hakujua.

Mzee wa saiba akaniuliza dirishani baada ya futari, vipi? Nikamwambia. Akaniambia nilete kichwa kimoja akione, nikakata kile cha chini na kipande kidogo cha waya nikamtilia kwenye sahani ya kaimati, akavaa miwani akakigeuza kwenye taa.

"Kijani umezikalisha pamoja. Wanapendeza, lakini sivyo wanavyokaa."

Akanieleza jambo ambalo mpaka leo naliona zuri. Waya kama huu ukifanya kazi kwa kasi ya Mbps 100 unatumia nyuzi nne tu, ya kwanza na ya pili, ya tatu na ya sita. Ile ya tatu na ya sita lazima watoke kwenye jozi moja, maana kusokotwa pamoja ndo kunakofuta kelele ya moja kwa nyingine. Mimi ya tatu niliweka kijani na ya sita nikaweka buluu, kila mmoja kasokotwa na mtu mwengine, basi kelele zinaingiliana. Na kipimo kinajua tu uzi umefika, hakijui umesokotwa na nani. Mpango wenyewe ni chungwa nyeupe, chungwa, kijani nyeupe, buluu, buluu nyeupe, kijani, kahawia nyeupe, kahawia. Buluu wanakaa katikati ya kijani. Nikaandika kwenye kiganja na kalamu ya binti yangu.

Nikabana upya pande zote mbili usiku ule baada ya tarawehe, ya nyumbani maana misikiti ilikuwa imefungwa. Nikampigia mume wangu kwa video kutoka jikoni kwangu, chini kabisa, mlango umefungwa. Uso wake ukatokea safi bila hata kuganda. Hakuna aliyesema kitu mara moja. Alafu akaniambia nigeuze simu aone jikoni, nikamwonyesha sufuria, kibao cha mbuzi, dirisha, mtoto amelala kwenye mkeka, akawa anasema haya, haya, endelea.

Kesho yake binti alisoma kemia mezani. Ami tulikubaliana saa za masomo asifungue video, Zoom haili kasi nyingi lakini haitaki kukatwa, akakubali bila maneno, na zile dakika 40 za Zoom ya bure zikiisha na mwalimu akatuma linki nyengine yeye ndie anauliza kutoka juu kama mtoto amerudi ndani.

Mzee wa saiba nilitaka kumlipa, akakataa. Akasema roli bado lina waya mwingi, kama sioni tabu nimpe ncha moja, ana kompyuta moja hakuuza, na wajukuu wake wako ng'ambo hajawaona tangu mwaka jana. Nikamuuliza ami, ami akasema mpe leo leo. Safari hii nilipanga rangi bila kuangalia kiganja. Waya ukapita dirishani kwetu ukaingia dirishani kwake, palepale panapopita sahani. Nikamtajia pia paswadi ya waifai kwa ajili ya simu, akaiandika kwa kalamu nzito kwenye karatasi, herufi kubwa kubwa, akaibandika ukutani juu ya kompyuta kama alivyokuwa akibandika bei.