random() inaanzia wapi na inaishia wapi?

Ukianza kujifunza JavaScript unaambiwa Math.random() inatoa namba kati ya 0 na 1, basi watu wengi wanaishia hapo, kumbe hiyo "kati ya" ndo yenye mambo. Sifuri inaweza kutoka. Moja haitoki hata siku moja, utapata 0.99999 na madesimali kibao nyuma yake ila 1 yenyewe hapana. random.random() ya Python nayo iko hivyohivyo.

Sasa chukua dadu. Unazidisha kwa 6, unakata desimali kwa Math.floor unabaki na 0 hadi 5, unaongeza 1, umemaliza, na kila upande una nafasi sawa. Ila kuna hii Math.round(Math.random() * 5) + 1 (Math.round inapeleka kwenye namba nzima iliyo karibu) naikuta sana kwenye kodi za watu na inaniuma kweli, maana programu inaenda vizuri tu, haitoi eroo yoyote, na namba ni 1 hadi 6 kama ulivyotaka. Lakini angalia kabla hujaongeza ile 1: ili upate 0 lazima itoke namba chini ya 0.5, yaani nusu hatua, na 5 inaanzia 4.5, nusu hatua tena, wakati 1, 2, 3 na 4 kila moja ina hatua nzima. Kwa hiyo dadu lako litatoa 1 na 6 asilimia 10 kila moja, na zile za katikati asilimia 20 kila moja. Hapo mchezaji unamuonea.

Kwa namba nzima kila lugha ina lake. Python randint(1, 6) inafika 6, randrange(1, 6) inaishia 5, nextInt(6) ya Java ni 0 hadi 5, math.random(6) ya Lua inaanzia 1. Usikisie, soma maelezo ya lugha yako.

C ndo ya kuangalia zaidi. rand() inatoa namba nzima kuanzia 0 hadi RAND_MAX, yaani kikomo chake cha juu, ambacho kinaruhusiwa kuwa kidogo hadi 32767, na kwa kompaila ya Microsoft ndo ilivyo. Mtu akiandika rand() % 100000 (% inatoa baki la kugawanya) achague mshindi kati ya watu laki moja, wote wenye namba juu ya 32767 hawashindi hata droo irudiwe mwaka mzima. Akipunguza iwe % 20000 kila mtu anafikiwa, ila wa namba 0 hadi 12767 wana nafasi mara mbili ya wenzao.