Nilivyohamishia barua pepe za ofisi kwenye JMAP

Nimechoka kuambiwa kwamba IMAP, lugha ambayo programu ya barua pepe hutumia kusoma barua zilizo kwenye seva, inatosha. Mark Crispin aliibuni Stanford mwaka 1986, na kwa kompyuta iliyotulia mezani ni kazi nzuri sana. Ila wenzangu ofisini wanasoma barua kwenye simu, ndani ya daladala, kwa bando walilojinunulia wenyewe.

Fundi mmoja mzoefu alinishauri niwashe IDLE, nyongeza ya IMAP inayoiruhusu seva kuijulisha programu kila barua mpya ikifika, eti barua zitaingia papo hapo. Nikaiwasha. IDLE inataka muunganisho ubaki wazi muda wote, na kila muunganisho unalinda folda moja tu. Simu ikiacha Wi-Fi ya ofisi na kushika mtandao wa simu, muunganisho unakatika, programu inaanza upya kujitambulisha na kuulizia folda. Malalamiko ya betri yakazidi ya barua. Na kivinjari hakiwezi kuongea IMAP mpaka uweke seva nyingine katikati ya kukitafsiria.

Kilichoniudhi zaidi ni viambatisho. Mhasibu anatuma mkataba alioskani, megabaiti 8. Unapanda kwa SMTP, lugha ya kutumia barua, kwenda kwa mteja, halafu unapanda tena kwa IMAP ili nakala ikae kwenye folda ya zilizotumwa. Faili lile lile, bando mara mbili!

JMAP, lugha mpya ya kusoma na kutuma barua, ilipitishwa na IETF, jumuiya inayoweka viwango vya intaneti, mwaka 2019, katika nyaraka za RFC 8620 na 8621. Nilisimika Cyrus, programu ya seva ya barua inayoongea IMAP na JMAP kwa pamoja, hivyo bosi na Thunderbird yake, anayosomea barua kwa IMAP, hawakuguswa. Sasa mkataba unapanda mara moja, seva inaupa kitambulisho, barua inakitaja tu, inatumwa na nakala inabaki hukohuko.

Ninachojivunia hasa ni kikasha kinavyofunguka. Ombi moja la HTTPS linabeba amri mbili za JMAP, Email/query ya kutafuta barua pamoja na Email/get ya kuzileta, na hiyo ya pili inaelekezwa ichukue vitambulisho kwenye jibu la ya kwanza, jibu ambalo simu haijaliona bado. Safari moja ya kwenda na kurudi, orodha imejaa. Mtandao ukikatika na kurudi, amri ya Email/changes inaleta yaliyobadilika tu.

Nyongeza iitwayo QRESYNC inaipa IMAP sehemu ya uwezo huo, lakini si seva zote zinayo. SMTP usiiguse, maana seva kwa seva bado zinapelekeana barua kwa njia hiyo.

Programu za kusomea zinazojua JMAP bado ni chache, kwa hiyo ya kwetu niliiandika mwenyewe kwa JavaScript. Majibu ya seva ni JSON, yaani data iliyoandikwa kwa maandishi ya kawaida, na kila nilipokwama niliyasoma palepale kwenye kivinjari.