Odi zinaposogea saa chache kabla ya kengele

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa na mazoea ya kuandika daftarini odi za mapambano ya ngumi, yaani namba ambazo kampuni za kubeti huzidisha dau lako ukishinda: zinapotolewa kwa mara ya kwanza, baada ya mabondia kupima uzito, na saa moja hivi kabla ya kengele. Mapambano mengi sibeti kabisa. Ninachofuatilia ni mwendo wa namba zenyewe.

Tuchukue bondia aliyeanza na odi ya 1.25, huku mpinzani wake akiwa na 4.00. Ukigawa 1 kwa kila odi unapata nafasi ya ushindi ambayo kampuni inampa kila mmoja, asilimia 80 na 25, jumla 105, na hizo 5 zinazozidi mia ndizo riziki ya kampuni. Jioni ya pambano unakuta 1.40 kwa 3.00, yaani takribani asilimia 71 na 33. Riziki ya kampuni iko palepale, lakini bondia aliyepewa nafasi kubwa ameshushwa kwa karibu asilimia 9, na mwenye papara atasema kwamba kuna siri imevuja kambini.

Mara nyingi hakuna siri yoyote. Odi zinapotolewa mapema, kampuni huweka kikomo kidogo cha dau kwa sababu zenyewe hazina uhakika na bei zao, kisha hukipandisha kadiri pambano linavyokaribia, ndipo wabashiri wazoefu wanapoingia na fedha nzito. Wakati huohuo huingia umati wa mashabiki, ambao kwa kawaida huvutiwa na odi kubwa, kwani nani asiyependa kuona dau dogo likizaa? Makundi haya mawili aghalabu huvuta kamba pande tofauti.

Pambano la bondia Floyd Mayweather na Conor McGregor, mpiganaji wa mapigano mseto (MMA), lililofanyika Las Vegas tarehe 26 Agosti 2017, ndilo lililonifungua macho. Odi ya McGregor, ambaye hakuwa amepigana ngumi za kulipwa hata mara moja, ilianza ikizidi 9, na kufikia wiki ya pambano ilikuwa imeshuka hadi karibu 5, ingawa uwezo wake ulingoni haukuwa umeongezeka kwa lolote. Fedha za mashabiki ndizo zilizoishusha, na waliomwamini Mayweather wakangoja bei yake inone kabla ya kuweka dau. Alishinda katika raundi ya 10.

Kupima uzito ni jambo gumu zaidi kulisoma. Aprili 2024 Ryan Garcia alipanda mzani akiwa na ratili 143.2 wakati kikomo kilikuwa 140. Wapo watakaosema kwamba bondia wa namna hiyo hakujiandaa, na wapo watakaosema kwamba ataingia ulingoni na nguvu ambazo mwenzake amezipoteza kwa kujikausha maji mwilini ili afikie uzito. Usiku uliofuata alimwangusha Devin Haney mara 3, ingawa matokeo yalifutwa baadaye kutokana na dawa zilizopigwa marufuku.

Kwa hiyo nimeongeza safu ya nne daftarini, ya muda. Odi zikisogea ndani ya dakika chache katika kampuni zote kwa pamoja, nachukulia kwamba kuna habari. Zikiteremka polepole jioni nzima, huo ni umati. Kampuni moja ikisogea peke yake, aghalabu imeelemewa na madau ya upande mmoja, na baada ya nusu saa hurudi zilipo nyingine.